Pipa Lililocheza Chini ya Kinu

Hapo zamani, zamani ya karibu tu ambayo hata mimi niliikuta, palikuwa na bonde linaloitwa Luhanga. Kaeni vizuri na msikilize, maana nikimaliza nitawauliza swali, na asiyesikiliza hatakuwa na la kujibu.

Luhanga lilikuwa bonde la mpunga. Kila masika mto ulifurika, maji yakaingia mashambani, na maji yakishuka mpunga ulisimama mpaka kifuani mwa mtu. Mpunga ulikuwepo, kinu hakikuwepo. Watu walipakia magunia kwenye baiskeli, wakasukuma siku mbili mpaka mjini, wakarudi na mchele uliojaa chenga. Wakachoka. Wakaanzisha ushirika, wakamchagua mwenyekiti, mama mmoja aitwaye Kolumba. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini akishasema jambo halisemwi tena. Wakaweka akiba miaka saba. Mwaka wa nane wakanunua injini ya dizeli na mashine kubwa ya kukobolea.

Sasa basi, bondeni kule maji huingia mpaka ndani ya nyumba. Injini ikiwekwa chini italowa. Wakamwita Fundi Ponsiano, mwana wa Luhanga, aliyeondoka kijijini akiwa kijana na kufanya kazi miaka mingi na kikosi cha kusimika minara ya umeme. Ponsiano akasimika nguzo nane za chuma. Juu ya nguzo akatandika boriti, juu ya boriti sakafu ya mbao nene, juu ya sakafu injini na mashine. Kisha akazungushia kuta za matofali.

"Maji yakija yatapita chini," akasema, "sisi tutakoboa juu."

Watu wakampigia makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Siku ya kuwasha injini, hakuna aliyekwenda shamba.

Ponsiano akavuta, injini ikakohoa, ikashika. Polepole ilizunguka vizuri kabisa. Lakini kwa mwendo ule wa polepole mpunga ulitoka na maganda yake kama ulivyoingia. Akaongeza. Injini ikafika mwendo wa kazi, mizunguko mia saba na ishirini kwa dakika, na hapo sakafu ikaanza kucheza. Vikombe vya chai vikatembea mezani vikaanguka. Ufa ukapanda ukutani kutoka dirishani hadi kwenye paa, watu wakiutazama unavyopanda. Gunia la juu kabisa likateleza kutoka kwenye rundo, likamwangukia mpakiaji mmoja aitwaye Kasto na kumvunja mguu. Injini ikazimwa. Kilichosikika ni Kasto akilia.

Kuanzia siku ile Fundi Ponsiano hakulala vizuri. Waliompigia makofi walipomwona njiani walishika upande wa pili.

Akajaribu kila alilolijua. Akakita magogo chini ya sakafu, magogo yakazama kwenye udongo laini wa bonde, sakafu ikacheza. Akapanga mawe juu ya boriti, sakafu ikacheza. Akakaza nati zote, akatia nyingine, akakaza tena, sakafu ikacheza. Na mpunga ulikuwa umeshavunwa, magunia elfu nne yamejaa ghalani. Wiki sita zilikuwa zimebaki kabla ya masika. Mvua ikianza, barabara inafungwa kwa miezi mitatu, ghala linalowa, mpunga unaota ndani ya magunia. Jasho lote la mwaka linakuwa chakula cha bata.

Mama Kolumba akaitisha mkutano. Akasimama mbele ya watu mia nane, akainua ufunguo wa kinu.

"Tusikilizane," akasema, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa ndogo watu wote wakanyamaza. "Atakayeituliza sakafu hii kabla ya mvua, ufunguo huu ni wake. Atakuwa msimamizi wa kinu maisha yake yote. Katika nyumba ya matofali iliyo kando ya kinu ataishi yeye na watu wake. Na kinu kitaitwa kwa jina lake. Ufunguo ni mmoja, kwa sababu siku likitokea jambo nataka nijue wa kumwuliza."

Watu wakaitikia. Neno likawa limewekwa.

Kulikuwa na mama mmoja pale kinuni, Yustina, aliyeajiriwa kufagia na kupepeta. Zamani alifanya kazi hiyo hiyo miaka kumi na mmoja kwenye kinu cha mjini, amesimama ubavuni mwa injini tangu asubuhi hadi jioni. Masikio yakaanza kuvuma, kisha yakafifia, kisha yakaziba kabisa. Alizungumza, tena kwa sauti kubwa, lakini wewe ukitaka akuelewe ilibidi akutazame midomo. Wengi hawakujisumbua.

Siku mbili baada ya mkutano Ponsiano aliwasha injini ajaribu tena. Watu wote wakatoka nje kwa kuogopa ukuta. Yustina akavua ndala, akapanda ngazi, akaingia.

"Mama, toka humo," Ponsiano akapaza sauti. Kumpazia sauti Yustina ilikuwa kazi bure.

Akatembea peku juu ya sakafu inayocheza, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta sindano kwa nyayo. Akalala kifudifudi. Akaweka shavu kwenye mbao, akaweka viganja. Akajivuta mbele kidogo, akalala tena. Kisha akatoa kipande cha mkaa kwenye pindo la khanga akachora duara. Ponsiano akakimbia kuzima injini, akapanda ngazi mbili mbili, akamshika bega.

"Unataka kufa, mama?"

Yustina akamtazama midomo, kisha akasema kwa sauti iliyosikika mpaka ghalani: "Fundi, wewe unaiona sakafu hii kitu kimoja. Siyo kimoja. Hapa penye nguzo imelala. Huku ubavuni inatetemeka kidogo, haraka haraka, hiyo haina neno. Lakini hapa nilipochora, hapa ndipo inaporuka. Juu chini, juu chini, sawa na injini. Wewe umeweka magogo yako pale ilipolala."

Ponsiano akapiga magoti penye duara. Akalitazama, akatazama nguzo zake, akahesabu boriti kwa vidole. Wiki tatu alikuwa ameweka magogo na mawe popote palipofikika, na hata siku moja hakuuliza ni wapi hasa panaruka. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Na alipokaa akakumbuka jambo. Kwenye nyaya za umeme, karibu na kila mnara, kikosi chao kilikuwa kikining'iniza vyuma vidogo viwili viwili vyenye uzito kwenye ncha. Siku moja alimwuliza msimamizi wao ni vya nini, naye akajibu kwamba upepo hutikisa waya mpaka ukakatika, na vyuma vile hucheza badala ya waya. Ponsiano alikuwa amevifunga maelfu na kamwe hakuvifikiria tena. Sasa alivifikiria. Akainuka mbio, akamwacha Yustina na mkaa wake, akaenda kwa Mama Kolumba bila hata kunawa uso.

"Shikamoo mama. Nataka pipa la chuma, mchanga, na springi za mabapa za lori bovu lililoko shuleni."

"Marahaba. Za nini?"

"Nitafunga springi chini ya boriti, pale pale Mama Yustina alipochora. Kwenye springi nitaning'iniza pipa la mchanga."

Mama Kolumba akaacha kupepeta mchele wake. "Fundi, sakafu inatikisika, nawe unataka kuiongezea kitu kingine kinachotikisika?"

"Ndiyo, mama. Lakini hiki kitatikisika kinyume. Sakafu ikienda juu, pipa linaivuta chini. Sakafu ikienda chini, pipa linaisukuma juu. Pipa likicheza, sakafu haitacheza. Ila lazima pipa liwe na mwendo ule ule wa injini, usipungue wala usizidi."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, pipa na sakafu vitakwenda pamoja, na ukuta utaanguka."

"Basi usikosee," Mama Kolumba akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Ponsiano akafanya hesabu kwenye ukuta wa jikoni kwake mpaka ukuta ukaisha. Akapata uzito wa pipa, akapata unene wa springi. Akakata, akatoboa, akafunga. Lakini hesabu ilimfikisha karibu tu. Springi zile zilikuwa kuukuu, hakuna aliyejua ugumu wake hasa. Pipa lilikuwa na mwendo wake, injini na wake, na kwa macho havikutofautiana. Ponsiano akaenda kumtafuta Yustina. Safari hii alisimama mbele yake, akasema polepole amwone midomo.

"Mama, nahitaji mikono yako."

Yustina akafuta mikono kwenye khanga. Akapanda juu ya meza chini ya sakafu, mkono mmoja kwenye boriti, mmoja kwenye pipa. Injini ikawashwa. Ponsiano akalipiga pipa kwa gogo.

"Pipa linachelewa," Yustina akasema. "Toa mchanga."

Wakatoa kopo moja. Injini ikawashwa, pipa likapigwa.

"Linachelewa. Toa."

Wakatoa kopo la pili. Injini ikawashwa, pipa likapigwa.

"Linachelewa. Toa."

Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Siku ya pili springi ikambana Yustina kidole cha shahada dhidi ya boriti, ukucha ukang'oka. Ponsiano akataka waache. Yustina akachana pindo la khanga, akafunga kidole, akarudisha mkono palepale. Saa nane mchana akasema, "Sasa linawahi. Rudisha nusu kopo." Wakarudisha nusu. "Rudisha kiganja kimoja." Wakarudisha kiganja kimoja.

Yustina akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Mwendo ni mmoja," akasema. "Mkono wa kulia na wa kushoto inasema neno moja."

Ponsiano akapanda juu, akaweka kikombe cha maji katikati ya duara la mkaa. Injini ikapandishwa upesi. Mia nne, mia tano, mia sita. Mia saba na ishirini. Maji kikombeni yakasimama kama maji ya mtungini. Chini, lile pipa la mchanga lilikuwa linacheza kama mwali siku ya kutoka ndani, na juu yake sakafu imetulia tuli, mtu angeweza kulaza mtoto. Watu waliokuwa nje wakaingia mmoja mmoja, wakakanyaga kwa ncha ya mguu, kisha wakakanyaga kwa mguu wote, kisha wakaanza kuruka kwa makusudi waone. Ponsiano alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Bondeni kote habari ikaenda: sakafu imetulia, leteni mpunga.

Kesho yake mpunga ukaletwa. Wakamimina gunia la kwanza, mchele ukatoka mweupe. La pili, la tatu. Watu wakashika kasi, wakamimina mawili kwa pamoja. Na hapo injini, kwa kulemewa, ikapunguza mwendo kidogo tu.

Sakafu ikaruka kuliko siku ya kwanza.

Ponsiano akapunguza moto zaidi, ikatulia. Akaongeza ili arudi kwenye mwendo wa kazi, ikapita mahali ikaruka, ikafika ikatulia. Akazidisha kidogo, ikaruka tena. Kabla hajafika kwenye swichi, springi mbili zikakatika kwa kishindo na pipa likaanguka zima zima juu ya meza, likaisaga. Yustina alikuwa ameshuka kwenye meza ile punde tu, kwenda kunywa maji.

Hakufa mtu. Lakini watu waliondoka, magunia yao kichwani, na Ponsiano akabaki amekaa karibu na mchanga uliomwagika.

"Palikuwa na mtikisiko mmoja," akamwambia Mama Kolumba. "Nimeutuliza, na pembeni yake imezaliwa miwili, mmoja chini ya mwendo wa kazi na mwingine juu yake. Injini ikikaa katikati ni salama. Lakini injini hii haikai. Ikilemewa inapungua, ikiwa tupu inazidi."

Wiki mbili na siku tatu zilikuwa zimebaki.

Sasa pale kwenye lango la kinu alikuwa akikaa mzee mmoja, Anzigari, mshona katambuga. Alikata matairi ya magari, akashona viatu, akawauzia wakulima. Tangu kinu kianze kujengwa alikuwa pale, na hakuna aliyemwuliza kitu zaidi ya bei. Asubuhi ile akainuka, akaenda mpaka alipokaa Ponsiano, akaokota kipande cha springi iliyokatika, akakigonga kwenye jiwe. Kikalia. Kikaendelea kulia.

"Unasikia?" akasema. "Nimekigonga mara moja, nacho hakinyamazi. Sasa tazama." Akavua katambuga lake, akalidondosha. Likaanguka pu, likalala palepale. "Mpira ukishapigwa unanyamaza. Tia mpira katikati ya springi zako, mwanangu."

Ponsiano akatikisa kichwa. "Mzee Anzigari, mpira utalikamata pipa. Likikamatwa halitacheza sawasawa, na lisipocheza sawasawa sakafu haitatulia kabisa. Jana uliona maji kikombeni yalivyosimama. Hutayaona tena hivyo."

"Na kikombe chenyewe kiko wapi?"

Kikombe kilikuwa vipande vipande.

Mama Kolumba akasema, "Fundi, mimi sihitaji maji yasimame. Nahitaji ukuta usimame. Mwache mzee ajaribu."

Mzee Anzigari alikuwa na matairi ishirini na nane nyuma ya nyumba, kazi yake ya mwaka mzima. Akayaleta yote. Ponsiano akafunga springi nyingine kutoka kwenye lori lile, Yustina akapanda kwenye meza nyingine na kusema ongeza na punguza mpaka mikono yake ikakubali, na kati ya kila bapa la springi na jingine Anzigari akalaza mpira alioukata kwa kisu chake cha viatu. Mara ya kwanza akatia mwingi. Pipa likagoma kama ng'ombe, sakafu ikacheza vilevile kama siku za magogo. Vijana wakacheka. Anzigari akatoa mpira wote, akakata mwembamba zaidi, akatia upya. Ukawa mchache, springi ikaruka, wakazima haraka. Akatoa, akakata, akatia. Siku nne alilala chini ya boriti zile na kisu mkononi, na kila mpira ulioharibika lilikuwa tairi lisilorudi. Siku ya tano akamwambia Ponsiano awashe.

Mia nne. Mia tano. Mia sita. Sakafu ilitetemeka kidogo kama mgongo wa paka anayeguswa, ikaacha hapo hapo. Mia sita na themanini, pale iliporuka ilipolemewa: ikatetemeka kidogo, ikaacha hapo hapo. Mia saba na ishirini, vivyo hivyo. Mia nane, vivyo hivyo. Wakamimina gunia moja, mawili, matatu kwa mpigo. Injini ikalemewa, ikapungua, ikapata nguvu, ikapanda. Maji kwenye kikombe kipya yakafanya viduara vidogo vidogo na hata tone moja halikumwagika.

Jamani, walikoboa. Kuanzia alfajiri hadi magharibi, siku kumi na moja bila kupumzika. Mpira ulipata moto ukanuka, na kila asubuhi Anzigari alibadilisha vipande vilivyoungua. Kila asubuhi Yustina aliweka mikono. Kila asubuhi Ponsiano alikaza nati na kusikiliza injini. Malori yalipanga foleni mpaka kwenye kanisa. Lori la mwisho lilivuka kivuko cha mto saa tisa alasiri, na matone ya kwanza ya masika yakadondoka kabla vumbi lake halijatulia.

Mama Kolumba akaitisha mkutano, akaweka ufunguo mezani. Akasema, "Nilitoa neno. Anayeudai asimame aseme."

Wakasimama watatu.

Fundi Ponsiano akasema: "Mimi ndiye niliyesema tutundike pipa. Kabla yangu hakuna aliyewaza hivyo, hata Mama Mwenyekiti aliniona nimerukwa na akili. Mama Yustina aliniambia panaporuka, sikatai. Mzee Anzigari alitia mpira, sikatai. Lakini bila pipa, mkono wa Yustina ungeshika nini, na mpira wa Anzigari ungewekwa wapi?"

Sauti ikatoka katikati ya watu. Alikuwa Kasto, mpakiaji, ameegemea mkongojo. "Fundi, sakafu iliyocheza nani aliijenga?"

Ponsiano akainamisha kichwa. "Mimi, ndugu yangu. Nilifikiria maji, sikufikiria mtikisiko. Mguu wako naukumbuka kila siku. Lakini kosa lilipotokea sikukimbia, nilibaki nalo mpaka likaisha."

"Nimeshakusamehe," Kasto akasema. "Ila kukusamehe na kukupa ufunguo ni mambo mawili."

Yustina akasema, na hakuhitaji kipaza sauti: "Fundi alizunguka na magogo wiki tatu kama mtu aliyepotea nyumbani kwake. Mimi ndiye niliyeuona ugonjwa. Mimi ndiye niliyelipatanisha pipa na injini, mara ya kwanza na mara ya pili, na kidole changu hakina ukucha mpaka leo. Pipa lisilopatanishwa lingeangusha ukuta, fundi mwenyewe alisema. Masikio yangu yaliliwa na kinu. Miaka yote mlipita mbele yangu hamkuniambia hata habari za asubuhi, kwa kuwa ni kazi kunisemesha. Naudai ufunguo."

Mwanamume mmoja akasimama mbele yake ili amwone midomo, akasema, "Mama, tunakuheshimu. Lakini wewe ulituambia tu ni wapi na ni lini. Aliyeleta dawa siyo wewe."

"Dawa isiyopimwa humwua mgonjwa," Yustina akamjibu. "Wewe ungeimeza?"

Watu wakacheka, yule mwanamume akaketi.

Mzee Anzigari akasema: "Mimi sina maneno mengi. Walipomaliza kazi yao wao wawili, springi zilikatika na pipa likaanguka. Mnakumbuka mlivyoondoka na magunia kichwani? Nilipomaliza yangu, mlikoboa. Mama Mwenyekiti alisema atakayeituliza sakafu. Waliituliza kwa siku moja, na mimi nikaituliza moja kwa moja. Matairi ishirini na nane yamekwisha. Sina kazi ya kurudia."

Ponsiano akamgeukia kwa heshima. "Mzee wangu, nikuulize. Siku ile tulipojaribu na kikombe, ulikuwepo langoni. Uliona springi zinavyoruka?"

"Niliona."

"Ulijua zitakatika?"

"Nilihisi zitakatika. Nikanyamaza. Mshona viatu amwambie nini fundi wa minara, mbele ya watu wanaoshangilia?"

Mtu mmoja aliyeketi karibu na Yustina akamgusa bega, akamrudia maneno yale polepole. Yustina akamgeukia mzee. "Mimi nilikuwa chini ya lile pipa, baba," akasema.

"Najua, binti yangu. Najua."

Mzee mwingine akashauri wagawane, mwaka huu huyu, mwaka kesho yule. Mama Kolumba akakataa. "Nilisema mmoja, na sababu nilisema. Mkinipa watatu, kikiharibika kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole." Nao watatu hawakutaka kugawana: Ponsiano alitaka jina lake lisafishwe pale pale lilipochafuka, Yustina alitaka mlango ambao mtu hawezi kuupita bila kumsemesha, Anzigari alitaka mahali pa kufanyia kazi sasa kwa kuwa matairi hayapo.

Wakabishana. Wa upande wa mtoni wakasema Ponsiano, kwa maana bila wazo hakuna kitu. Wanawake wengi wakasema Yustina, kwa maana bila yeye wazo lingewaua. Wa upande wa kanisani wakasema Anzigari, kwa maana mchele walioula ulitoka baada ya mpira wake. Wengine wakabadilika upande mara tatu kabla chai haijaletwa. Mvua ikawa inapiga bati kwa nguvu kiasi kwamba walipaswa kusogeleana ili kusikilizana, na ufunguo bado uko mezani, na Mama Kolumba amekaa mbele yake, mikono mapajani, anawatazama wote watatu.

Mimi nimewafikisha hapo, na zaidi ya hapo sisemi. Mmewasikia wenyewe. Mwenye wazo, aliyeijenga sakafu iliyovunja mguu wa mtu. Mwenye mikono, aliyeuona ugonjwa na kuipima dawa, lakini dawa haikuwa yake. Mwenye mpira, aliyemaliza kazi, lakini siku ya kikombe alinyamaza. Haya, wewe uliyeketi mbele, na wewe wa nyuma unayemnong'oneza mwenzako: mngekuwa ninyi ndio Mama Kolumba, ufunguo ule mngeuweka mkononi mwa nani?